Upepo wa Gari: Unaokoa Njiani, Lakini Unaweza Kuua

Wewe unayeshika nyundo ya upepo unajua nguvu ya upepo ulioshindiliwa. Unapasua mwamba nao. Lakini tukitoka mgodini na kuukuta upepo huo huo garajini, au nyuma ya gari, wengi wetu tunauchezea. Tunapuliza nao vumbi la nguo. Tunamwachia mtoto ashike bomba lake. Tunainamia gurudumu linalojazwa kana kwamba ni mpira wa kuchezea.

Magari mengi yanayopita porini siku hizi hubeba kompresa yake yenyewe. Ni jambo jema, na katika njia zetu ni karibu lazima. Hata hivyo kompresa iliyofungwa vibaya ni hatari inayotembea. Leo tutaeleza kwa nini gari lihitaji upepo wake, jinsi ya kuufunga gari hilo kwa usalama, na jinsi ya kuutumia bila kupoteza jicho, mkono au uhai. Wewe uliye dereva au fundi, soma polepole. Wewe mama au baba wa nyumbani, usiruke ukurasa: kuna maneno yako pia.

KWA NINI GARI LIBEBE UPEPO WAKE

Njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, na kuendelea hadi Salamabila na Namoya, ni ya kale. Mwaka 1870 Livingstone alikwama miezi mingi Kabambare, aliyoiita Bambarre, akiuguza vidonda vya miguu. Leo miguu yetu ni magurudumu, nayo pia huugua. Isipokuwa miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua hugeuza udongo mwekundu kuwa tope. Kiangazi kikija, tope lile lile hukauka likawa mgumu kama tofali, na mawe yake hukata mipira.

Dereva mzoefu anajua dawa ya mchanga na tope laini: hupunguza upepo. Mpira uliopunguzwa hujitandaza, ukakanyaga mahali pana zaidi, na gari likaacha kuzama. Gari dogo la porini linalotembea kwa bar 3 (mafundi wengi husema kilo 3) linaweza kushushwa hadi bar 1.5 kwa kipande kifupi, kwa mwendo wa polepole.

Hatari huja baadaye. Dereva ametoka katika tope, anaona njia kavu, anakanyaga mafuta. Mpira wenye upepo mdogo hujikunja kila unapozunguka. Kujikunja kunaleta joto, na joto huachanisha matabaka ya mpira. Baada ya kilomita chache mpira unapasuka, gari likiwa limejaa watu. Kwa hiyo sheria ni moja: usipunguze upepo kama huna njia ya kuurudisha pale pale. Hapa ndipo kompresa ya gari inapookoa watu. Gari la wagonjwa lililobeba mama mwenye uchungu wa kuzaa haliwezi kwenda kutafuta garaji katikati ya pori.

Angalia pia hili: magurudumu yenye rimu (janti) ya vipande, yaani rimu yenye pete inayoondolewa kwa chuma, yasipunguzwe upepo hata kidogo kwa ajili ya kupita tope. Upepo ukipungua, mpira huteleza juu ya rimu, ukang'oa vali ya mpira wa ndani, na pete inaweza kutoka mahali pake bila wewe kuona.

NGUVU ILIYOFICHWA

Watu husema, «Ni upepo tu.» Tufanye hesabu. Bar 1 ni karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Mpira wa kipimo cha 7.50R16, unaovaliwa na Land Cruiser nyingi za kazi, una ubavu wenye eneo la karibu sentimita mraba 3,700. Ukiwa na bar 3, upepo unasukuma ubavu huo kwa nguvu ya karibu tani 11. Mpira wa lori wa 12.00R20 wenye bar 7 unasukumwa kwa nguvu inayozidi tani 50.

Nguvu hiyo imezuiwa na waya za mpira na chuma cha rimu. Kimoja kikishindwa, yote hutoka kwa mara moja. Pete ya rimu ikiruka, hakuna mtu anayeweza kuikwepa. Marekani iliweka kanuni maalum za kazi juu ya rimu za vipande mwaka 1980, na mwaka 1984 ikaziongezea rimu za kipande kimoja, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wakiuawa na magurudumu waliyokuwa wakiyajaza.

NJIA TATU ZA KUPATA UPEPO

Ya kwanza ni kompresa ya umeme inayotumia betri ya gari. Ni rahisi kufunga na inafaa gari dogo. Hupata joto haraka, kwa hiyo lazima ipumzishwe jinsi kitabu chake kinavyosema.

Ya pili ni kompresa inayozungushwa na injini kwa mkanda. Mafundi wengi hugeuza kompresa ya kibaridi cha gari ikafanya kazi hii. Inatoa upepo mwingi, lakini inahitaji kupakwa oili, na sehemu ya oili hiyo hutoka pamoja na upepo. Mkanda wake lazima uwe na kizuizi, maana mkanda hula vidole.

Ya tatu ni ya malori. Lori lenye breki za upepo tayari lina kompresa na mitungi. Usitoboe mtungi wa breki ukajichukulia upepo! Tawi la kujazia magurudumu litoke mahali alipoonyesha mtengenezaji, tena nyuma ya vali inayolinda breki, ambayo hujifunga upepo wa breki ukianza kushuka. Bila vali hiyo, bomba moja likipasuka mtelemkoni, umepoteza upepo wa kusimamishia lori.

MTUNGI HAUFANYI KAZI YA KOMPRESA

Wengi hudhani mtungi mkubwa utatosha. Hesabu inasema vingine. Tuseme mpira mmoja una nafasi ya lita 60. Kuutoa bar 1.5 hadi bar 3 kunataka lita 90 za hewa ya kawaida. Magurudumu manne yanataka lita 360. Sasa chukua mtungi wa lita 10 wenye bar 8. Ukishuka hadi bar 3 umekupa lita 50 tu. Haujamaliza hata gurudumu moja.

Kwa hiyo mtungi ni wa kusaidia, na kompresa ndiyo inayofanya kazi. Kompresa inayotoa lita 60 kwa dakika itamaliza magurudumu manne kwa dakika 6 kwa hesabu, na kwa kweli zaidi, kwa kuwa nguvu yake hupungua shindo linapopanda. Ukinunua, usidanganywe na namba kubwa ya shindo iliyoandikwa juu ya sanduku. Uliza inatoa lita ngapi kwa dakika, na inaweza kufanya kazi muda gani bila kupumzika.

KUFUNGA KWA USALAMA

1. Mahali. Funga kompresa mahali pakavu, palipo juu ya kiasi cha maji unayovuka, mbali na bomba la moshi na mbali na mabomba ya mafuta. Mdomo wake wa kuvutia hewa uwe na chujio na uelekee mahali pasipo vumbi wala moshi. Mtungi usiwekwe ndani pamoja na abiria.

2. Waya. Kompresa ya umeme inaweza kuvuta ampea 30 na zaidi. Waya mwembamba wa taa utachomeka. Tumia waya wa shaba wa milimita mraba 6 kwa ampea 30 kwa umbali mfupi, na mnene zaidi kwa mashine kubwa. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, ili waya ukikwaruzwa popote njiani, fyuzi ikate kabla moto haujawaka. Swichi ya ndani iendeshe rilei, umeme mkubwa usipite kwenye swichi yenyewe. Palipo na tundu la chuma, mvalishe waya pete ya mpira. Unapojaza, injini iwe inanguruma, ama sivyo utabaki porini na magurudumu mazuri na betri iliyokufa.

3. Vali ya usalama. Hii ndiyo roho ya mtungi. Swichi ya shindo huzima kompresa, tuseme kwa bar 8. Swichi ikikwama, kompresa itaendelea kusukuma. Hapo vali ya usalama hufunguka yenyewe na kutoa upepo kabla ya kufika shindo la juu lililoandikwa juu ya mtungi. Isiwekwe koki yoyote kati ya mtungi na vali hii. Usiikaze, usiizibe, usiibadilishe na skrubu kwa sababu «inapiga kelele.» Kelele hiyo ni onyo.

4. Vali ya upande mmoja na kipimo. Vali ya upande mmoja huzuia upepo usirudi katika kompresa. Kipimo cha mtungi kiwe mahali kinaposomeka. Kipimo cha kupimia mpira kiwe kingine, kizuri, kisichodondoshwa ovyo.

5. Mabomba. Tumia mabomba yaliyoandikwa shindo lake, mfano yale ya breki za malori. Bomba la kumwagilia bustani halikutengenezwa kwa kazi hii. Sehemu inayotoka katika kompresa huwa ya moto sana, kwa hiyo kipande cha kwanza kiwe cha chuma au cha aina inayovumilia joto.

6. Maji. Hewa yetu ni yenye unyevu. Kwa joto la digrii 30, mita 1 ya ujazo ya hewa inaweza kubeba karibu gramu 30 za maji. Ukiishindilia, maji hubaki chini ya mtungi, yakaula chuma kutoka ndani. Kwa nje rangi inang'aa, ndani chuma kimekuwa karatasi. Weka koki chini ya mtungi na uifungue kila mwisho wa siku ya kazi.

MTUNGI WA KUJITENGENEZEA

Tunajua vyuma ni ghali na njia ni ndefu. Ndiyo maana baadhi ya mafundi huchomelea mtungi kutoka katika kipande cha bomba, chupa ya gesi ya kupikia au kizima-moto cha zamani. Usikubali. Mchomeleo usiopimwa unaweza kushika siku mia na kupasuka siku ya mia na moja. Mtungi unaofaa una kibao cha mtengenezaji chenye shindo lake la juu na mwaka. Ukitaka kuupima upya, hupimwa kwa kujazwa maji na kushindiliwa kwa pampu, na anayepima ni fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo. Maji hayatanuki kama hewa, kwa hiyo mtungi ukishindwa, unavuja bila kulipuka. Usiupime kwa upepo kamwe.

Na kamwe usijaze mpira kwa oksijeni ya kuchomelea wala kwa gesi ya kupikia. Oksijeni ikikutana na oili au grisi inaweza kulipuka. Gesi ya kupikia ndani ya mpira inamngoja fundi atakayekuja na moto.

KUJAZA MPIRA

Kabla ya kujaza, angalia. Je, mpira umetembezwa bila upepo? Ubavu una mikwaruzo ya kuzunguka, uvimbe, au waya zinaonekana? Basi usiujaze juu ya gari. Toa upepo wote kwa kung'oa kiini cha vali, vua gurudumu, fungua, angalia ndani. Mpira wa lori uliotembea na upepo ulio chini ya asilimia 80 ya kiasi chake unahesabiwa kuwa umeumia mpaka ukaguliwe.

Kwa kujaza, tumia kichwa kinachojishika chenyewe kwenye vali, na bomba refu la mita 3 au zaidi lenye kipimo na koki upande wako. Simama pembeni, upande wa kukanyagia wa mpira. Usisimame mbele ya ubavu wala mbele ya rimu. Usiliinamie gurudumu wala usilikalie. Ukisikia mlio wa waya kukatika au ukiona uvimbe, funga koki, toka, waondoe watu.

Gurudumu la rimu ya vipande lililofunguliwa lijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Minyororo iliyozungushwa haitoshi. Usipige pete kwa nyundo ikiwa ndani mna upepo. Pete iliyopinda, yenye kutu au isiyo ya rimu hiyo, itupwe.

Usichomelee wala kupasha moto rimu yenye mpira, hata ukiwa umetoa upepo. Joto hugeuza mpira kuwa gesi inayowaka, na gurudumu hulipuka dakika kadhaa baada ya fundi kudhani amemaliza.

Pima mipira ikiwa baridi, asubuhi. Mpira wa moto hupandisha shindo lake. Usiupunguze ukidhani umezidi.

UPEPO WA KOMPRESA SI HEWA YA KUPUMUA

Neno hili ni la wachimbaji hasa. Kuna wanaochukua kompresa ya magurudumu wakaitumia kumpelekea hewa mtu aliye shimoni, au mpiga mbizi anayechota mchanga wa dhahabu chini ya mto. Ni kazi ya mauti. Kompresa huvuta chochote kilicho karibu nayo. Ikiwa karibu na injini inayonguruma, inavuta moshi wenye gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kulegea, kuchanganyikiwa, kisha huzimia. Chini ya maji, kuzimia ni kufa.

Oili ya kompresa iliyopata joto jingi nayo inaweza kutoa gesi hiyo hiyo, pamoja na mvuke wa oili unaoharibu mapafu. Kichujio cha kitambaa hakizuii hata kidogo. Hewa ya kupumua hutoka katika kompresa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu.

NYUMBANI NA MWISHO WA ZAMU

Usipulize nguo wala mwili kwa upepo. Vumbi la mwamba lina silika, ile inayoleta ugonjwa wa mapafu ya wachimbaji, silikosisi. Ukilipuliza, unalirudisha hewani na kulivuta, wewe na jirani yako. Punje nazo huingia machoni. Nguo za kazi zifuliwe kwa maji, zilowekwe kabla ya kukung'utwa. Kusafisha vyuma kwa upepo kusizidi bar 2, miwani ikiwa machoni na watu wakiwa mbali.

Usimwelekezee mwenzako bomba kwa mchezo. Upepo hupenya ngozi yenye jeraha dogo, hupasua ngoma ya sikio. Ukielekezwa sehemu za siri au nyuma ya mtu, hata juu ya nguo, hupasua matumbo. Vijana wamekufa kwa mzaha huo katika karakana za nchi nyingi. Msimamizi akiuona mchezo huo asicheke, ausimamishe.

Mzazi, gari likiegeshwa uani, watoto wasilicheze. Dereva atoe upepo wa mtungi, azime swichi, afungie bomba.

AJALI IKITOKEA

Jicho likipigwa, usilisugue wala kulikanda. Lifunike bila kulibana, mpeleke mgonjwa kwa mganga. Aliyepenywa na upepo au grisi chini ya ngozi aende hospitali siku ile ile, hata kama tundu ni dogo kama la sindano, maana ndani huoza upesi. Aliyepigwa tumbo na kulalamika maumivu asipewe chakula wala kinywaji, apelekwe haraka. Aliyevuta moshi, zima injini, mtoe penye hewa safi. Kama hapumui na unajua kumpulizia, anza mara moja. Lakini usishuke shimoni peke yako kumfuata. Shimo moja limezika waokozi wengi.

KUMBUKA

Kila siku: fungua koki ya maji, tazama mabomba, sikiliza kama pana mahali panavuja.
Kila juma: kaza boliti za kompresa na mtungi, angalia mkanda na waya, safisha chujio.
Kila mwezi: vuta pete ya vali ya usalama uhakikishe inafunguka na kujifunga.
Kila mara: simama pembeni, tumia bomba refu, vaa miwani.

Ndugu mfanyakazi, kata ukurasa huu uubandike garajini, karibu na kompresa, ambapo hata anayekuja kuomba upepo wa baiskeli yake ataweza kuusoma. Asiyejua kusoma, msomee.

Haraka haraka haina baraka. Dakika kumi za kujaza magurudumu vizuri ni fupi kuliko safari ya kupeleka habari mbaya nyumbani kwa mwenzako.